Udongo wa Hondohondo

Nilikuwa na udongo hadi kwenye viwiko, nakandika ukuta wa jiko upande unaopigwa na mvua, Rajabu alipoteremka njia ya msituni akiwa peke yake. Ilikuwa Jumamosi na jua limetoka. Huku kwetu juu ya Mlalo, jua likitoka Jumamosi hulali wala huendi kupiga soga kwa watu. Eliza, binti yangu mkubwa, alikuwa shimoni anakanyaga udongo kwa miguu. Mdogo wake Tobia alikuwa anachota maji na kumwaga nusu njiani. Mimi nilikuwa napaka na kusawazisha kwa kiganja.

"Hodi kwa fundi," Rajabu alisema.

"Karibu. Mkono sikupi, unaona nilivyo."

"Naona. Ungeota mdomo mkubwa kidogo tu, ningekuonyesha kwa wageni."

Eliza akacheka. Rajabu ni jirani yetu na kazi yake ni kuongoza wageni wanaopanda kwenye msitu wa Shagayu kutazama ndege. Darubini haimtoki shingoni hata akija msibani. Anamtambua ndege kwa mlio wake wakati wewe bado unajiuliza kama umesikia kitu. Ni mtu wa maneno mengi, lakini siku hiyo alikaa juu ya jiwe, akavua kofia, akanyamaza.

"Wageni wako umewatupa wapi?" nikamuuliza.

"Nimewateremsha mapema. Sikuwa na cha kuwaonyesha." Akaigeuzageuza kofia. "Kuna mtu amebomoa mlango wa hondohondo."

Hondohondo tunamjua wote. Ni ndege mkubwa mweusi mwenye kama kofia ngumu juu ya mdomo, na akiruka mabawa yake hulia kama mtu anayekung'uta gunia tupu. Kila mwaka jozi moja hutaga kwenye tundu la mti mzee wa mkulo ulio ukingoni mwa msitu. Jike huingia tunduni, dume hukusanya udongo kooni, huutema vidonge vidonge, na jike huupokea na kuziba mlango kutoka ndani. Hubaki ufa mdogo tu. Humo atakaa miezi, na mayai, kisha na kinda, na mumewe humlisha kupitia ule ufa. Rajabu alishawasimulia watoto wangu habari hizi mara nyingi mno, hata Tobia akawa anaweza kumalizia sentensi zake.

"Si ndege waliotafutwa," Rajabu alisema. "Ni udongo. Umebanduliwa wote, na chini kuna alama za buti."

"Na jike?"

"Akiwa humo ndani hupukutisha manyoya ya mabawa. Hata ukimfungulia, haruki. Tumekuta manyoya chini ya mti na nyayo za kanu, yule mnyama kama paka anayewinda usiku juu ya miti. Nadhani kanu ndiye aliyempata."

"Basi dume ataondoka."

Rajabu akanitazama. "Hilo ndilo lililonifanya niwateremshe wageni. Bado analeta chakula. Anakuja na makuyu, anayasukuma tunduni moja moja, anangoja. Kisha anakwenda kuleta mengine."

Niliendelea kusawazisha mahali ambapo palikuwa pamekwisha kusawazika. Nilijua buti zile ni za nani.

Mdogo wangu wa mwisho, Emanueli, anakaa tuta la chini yetu na mkewe Dorkasi, kwenye nyumba ya tofali za kuchoma aliyoijenga mwenyewe. Wifi yangu alikuwa hajabahatika. Mimba zilikuwa zinashika, kisha zinatoka kabla ya wakati, moja baada ya nyingine, mpaka watu wakaacha kumuuliza. Hii ya safari hii ilikuwa imevuka pale zote nyingine zilipoishia. Nesi alimwambia apumzike, asibebe hata ndoo. Mama yetu, ambaye anaishi kwangu, naye akaleta lake: zamani bibi yake alikuwa anawasaidia wanawake wa namna hiyo kwa udongo wa hondohondo. Unachanganya na udongo wa kukandikia, unapaka kuzunguka mlango wa chumba anacholala mama, ili aliye ndani akae ndani mpaka wakati wake ufike.

Mimi nimesoma mpaka kidato cha nne na nimezaa watoto wawili bila udongo wa ndege. Lakini sikuona ubaya wa kupaka mlango. Na mama alisema wazi, nikiwepo, kwamba udongo wenyewe ni ule ulioanguka, unaokotwa chini ya mti baada ya ndege kujifungulia mlango mwenyewe na kwenda zake na mwanawe. Emanueli alikubali kwa kichwa. Lakini Dorkasi alikuwa amebakiza mwezi tu, na ndege hakuwa na haraka.

Niliosha mikono, nikateremka. Emanueli alikuwa barazani anatia mpini kwenye jembe, kidole gumba kimefungwa kitambaa.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Kidole kimefanya nini?"

"Alinidonoa." Hata hakujaribu kuficha. "Najua unachotaka kusema. Udongo ulioanguka haukuwepo, dada. Mvua ilishausomba. Nilidhani nikimfungulia ataruka tu, atafute tundu jingine." Akapunguza sauti, maana dirisha la chumba lilikuwa nyuma yake. "Hakuruka. Alijikunja kule ndani akanitazama. Ana kope, ulijua? Kope ndefu, kama za mtu."

Nilitaka kumsema. Dorkasi akaniita kutoka ndani, "Wifi, si upite." Nikapita.

Alikuwa mzima. Nataka hilo lieleweke, maana baadaye watu walisema alianza kuugua siku ile. Alikuwa amekaa kitandani anafuma, uso umejaa, tumbo limetulia vizuri. Kuzunguka fremu ya mlango na ya dirisha Emanueli alikuwa amepaka mkanda wa udongo mweusi. Pale dirishani, katikati ya nondo, palikuwa na makuyu mabichi yamekaa kana kwamba mtu ameyapanga kwa mkono.

"Makuyu haya umeletewa na nani?"

"Na mume wangu, nani mwingine. Kila asubuhi nayakuta."

Emanueli alikuwa amesimama mlangoni, nyuma ya mkewe. Akanitikisia kichwa. Si yeye.

Kwa kuwa Dorkasi hakutakiwa kufanya kazi, nilikuwa namtuma Eliza ampelekee uji asubuhi na mchana. Siku moja alirudi na uji ule ule kwenye bakuli, na mdomo una rangi.

"Hakunywa. Anasema ameshakula. Kanipa makuyu," akasema.

Nikamwambia asile tena kitu cha dirisha lile. Akauliza kwa nini. Nikamtuma kuni.

Mimi udongo naujua. Nimekandika nyumba tangu nikiwa msichana. Udongo wetu ni mwekundu, na mtu akiupaka utaona alama ya kiganja, utaona mahali kidole kilipopita. Ule mkanda aliopaka Emanueli ulikuwa na vidole vyake, kwa sababu hajui kusawazisha. Lakini kila nilipokwenda mkanda ulikuwa umenenepa. Ile sehemu mpya ilikuwa ya vidonge vidogo vilivyobandikwa kimoja juu ya kingine, vikakandamizwa ubavuni, vina mbegu za kuyu ndani yake. Niliuchungulia kwa karibu kama fundi anavyochungulia kazi ya fundi mwenzake. Hapakuwa na alama ya kidole hata mahali pamoja.

Nilimwambia Emanueli abandue. Alibandua wa dirishani, mchana, mimi nikiwa namsaidia. Hatukufika hata nusu, Dorkasi akashika tumbo. Alijikunja. Nikaona damu kidogo kwenye kanga. Emanueli alitupa panga chini, akauchukua ule udongo kwa mikono miwili, akaubandika tena palepale.

Tumbo likatulia.

Tangu hapo hakuna aliyethubutu kuugusa. Wewe ungefanya nini? Tulisema ni wiki chache tu. Tulisema tukimfikisha salama, tutabomoa nyumba nzima ikibidi. Dorkasi akamwomba mumewe alale sebuleni ili apate nafasi. Kisha akamwomba asiingie mchana, mwanga unamuumiza. Mimi aliniruhusu. Nilipokwenda kumsuka, nywele zikanifuata mkononi. Hazikukatika. Zilitoka na mizizi yake, fungu zima, bila maumivu, na yeye akaendelea kunisimulia habari za majina ya mtoto. Kitandani palikuwa na nywele nyingine amezikusanya na kuzizungushia kwenye kona, pamoja na vitambaa alivyokuwa anafuma. Mahali pazuri, laini, pa duara.

"Wifi, nyusi zako zimefanya nini?" nikamuuliza.

"Zitaota," akasema. "Nikitoka zitaota."

Siku hiyo nikiwa humo ndani nilimsikia akija. Kwanza nilidhani ni mtu anakung'uta gunia kwenye tuta la juu. Sauti ikazidi, ikafika paani, bati likalia. Dorkasi akaacha kuongea katikati ya neno. Akageuza shingo, akafungua mdomo kidogo, akangoja.

Nilitoka. Sikumuaga.

Ukungu ulishuka wiki ya mwisho na haukuinuka. Nilikuwa navuna karoti, nazifunga mafungu, Eliza alipokuja mbio.

"Mama, mjomba anakuita. Mkewe uchungu umemshika, na mlango haufunguki."

Tulikuta Emanueli amepiga magoti sebuleni anang'oa bawaba. Kutoka ndani ilisikika sauti ya mwanamke anayesukuma. Bawaba ya mwisho ikatoka, Emanueli akavuta mlango, nao ukaja wote mikononi mwake.

Nyuma ya mlango kulikuwa na ukuta.

Ulikuwa mweusi, umejaa kutoka juu mpaka chini, bado una unyevu. Emanueli alichukua jembe akaupiga. Haukuacha hata ufa. Ila ndani Dorkasi alilia kama aliyepigwa yeye. Akapiga tena. Akalia tena.

"Acha," nikamwambia.

"Atafia humo."

"Acha, Emanueli. Unampiga yeye."

Nikazunguka nje hadi dirishani. Nalo lilikuwa limejaa, nondo zimezama udongoni, umebaki ufa wa kupitisha vidole viwili. Kwenye ukungu nilimwona Rajabu anateremka kutoka msituni, darubini mkononi, anatazama juu ya paa. Hakunisalimia. Akanyoosha kidole.

Alikuwa pale kwenye mgongo wa bati. Dume. Sikuwahi kumwona kwa karibu namna ile. Alikuwa mkubwa, mtulivu, ana kuyu mdomoni.

"Nimemfuata toka kwenye mkulo," Rajabu alinong'ona. "Amehama tundu. Sikuelewa anakokwenda." Akautazama ukuta wa dirishani, akatazama zile mbegu. Nadhani alielewa mara moja. Uso wake ulibadilika, lakini hakuuliza nani alibomoa.

"Mlango wao," nikamwambia. "Wakati ukifika, nani anaufungua?"

"Jike."

"Dume hasaidii?"

"Hiyo si kazi yake. Jike anabomoa mwenyewe kutoka ndani. Akiona ni wakati."

Nikaweka mdomo kwenye ufa. Harufu iliyotoka ilikuwa ya majani mabichi na kinyesi cha ndege.

"Dorkasi."

"Polepole, wifi. Yuko juu."

"Nimemwona. Mtoto vipi?"

"Anashuka, kisha anarudi. Hana pa kupita." Alikuwa anahema. "Niacheni. Atatulia. Huwa anatulia."

"Hatatulia. Miezi yako imetimia. Bomoa mlango."

"Nikibomoa atakuwa kama wenzake."

"Wenzake walitoka kabla ya wakati. Huyu wakati wake ni leo. Ukimzuia leo ndiyo unamuua, na wewe unakwenda naye."

Nilisikia kucha zinakwaruza kitu. Kisha sauti yake ikaja karibu sana, upande wa pili wa udongo, mdomo kwa mdomo na mimi.

"Wa kwake hakutoka," akasema. "Yule wa kwenye mti. Alikuwa amebakiza siku chache, wakamfungulia. Alisikia kanu anapanda."

Hakuna mtu aliyewahi kumsimulia Dorkasi habari za kanu. Mimi na Emanueli tulikubaliana asiambiwe. Nilimtazama Rajabu, naye akatazama chini.

Miguu ilitaka kuniondoa pale. Lakini kulikuwa na mtoto anasukuma ukuta, na mimi ni mama wa watu.

"Najua," nikasema kwenye ufa. "Ni ndugu yangu aliyefanya hivyo, na ni vibaya, nitalibeba nami. Lakini mwanao hajafungua mlango wa mtu. Yeye anataka kutoka tu. Bomoa, Dorkasi. Mimi nipo hapa na mumeo yupo mlangoni. Kanu hayupo."

Kucha zikaacha kukwaruza.

Halafu, ko.

Ko. Ko-ko.

Haikuwa sauti ya ngumi wala ya mti. Ilikuwa kavu, ngumu, kama jiwe linagonga jiwe. Ko-ko-ko. Nilikimbilia sebuleni. Emanueli alikuwa amesimama mbele ya ule ukuta na mikono imelegea. Chembe zilianza kuanguka katikati. Kikatokea kitobo. Kikapanuka. Kipande kikubwa kikaangukia ndani, kingine kikafuata.

Juu ya bati yule ndege alilia. Mara moja tu, sauti nzito ya kukwaruza, kama punda anayelilia mtoto. Kisha mabawa. Fuu, fuu, fuu, mpaka ukungu ukayameza.

Dorkasi alitoka kwa magoti. Kichwa hakina unywele. Midomo imepasuka, meno na ulimi ni udongo mtupu, na alikuwa anautema huku anakohoa. Niliingia mle chumbani kutafuta kanga safi, nikatafuta pia alichobomolea. Hamkuwa na jembe, hamkuwa na hata kijiti.

Nikamtazama mikono. Ilikuwa safi.

Mtoto alizaliwa palepale sebuleni juu ya mkeka, kabla machela haijafika. Alikuwa wa kike, mkubwa, akalia vizuri. Kituo cha afya waliwapima wote wawili wakawakuta wazima, wakauliza nywele zimekwenda wapi. Tukasema ni homa.

Emanueli alibandua udongo wote. Safari hiyo hakuna aliyelia. Aliukusanya mpaka chembe ya mwisho, akaufagia, akautia kwenye viroba, yeye na Rajabu wakaupeleka na kuumwaga chini ya mkulo. Mama aliwafuata mpaka ukingoni mwa msitu akasema nao kwa Kishambaa mambo ambayo sikuyasikia. Rajabu hakumshitaki Emanueli kwa mtu wa maliasili, ila alimwambia kuanzia sasa atalinda ule mti kila msimu, usiku na mchana, mpaka azeeke. Emanueli alikubali. Anaulinda. Lakini tundu limebaki wazi. Hakuna ndege aliyeingia tena.

Dume naye hakuonekana tena mkuloni. Rajabu alimtafuta Shagayu nzima.

Nyumba yao ilikuwa haikaliki, kwa hiyo niliwachukua kwangu. Dorkasi na mtoto nikawalaza chumba cha Eliza, na Eliza mwenyewe akawa anamsaidia usiku mtoto akilia. Wiki zikapita. Nyusi za wifi yangu zikaanza kuota, nyembamba, laini. Alikula ugali kama mtu aliyetoka kulima. Nilimaliza kukandika jiko, nikaendelea na chumba cha watoto, ndani na nje, kwa udongo wetu mwekundu, nikasawazisha mpaka ukawa kama sahani. Nilianza kusahau. Nina kazi nyingi, siwezi kukaa na jambo moja.

Jana jioni nilisonga ugali, maharage yalikuwa tayari, na mboga ya maboga. Nikaingia chumba cha Eliza kufunga dirisha, maana ukungu ulikuwa umeanza kuingia. Nikakuta limeshafungwa. Kitasa kilikuwa kimejaa kutu, na Eliza aliniambia hakulifungua tangu asubuhi.

Kwenye kona ya chini ya fremu, juu ya ukuta wangu mwekundu, palikuwa na kidonge kimoja cheusi.

Nikakigusa. Kilikuwa kibichi. Kilikuwa na mbegu.

Kilikuwa upande wa ndani.

Nilikichungulia kwa karibu, nikitafuta alama ya kidole, sikuiona. Kisha nikafunga mlango wa chumba nikarudi jikoni, kwa sababu watu walikuwa wanangoja kula. Mume wangu, baba Eliza, alikuwa amekaa karibu na moto anakausha buti. Mama kwenye kigoda chake. Emanueli na Dorkasi bega kwa bega, mtoto amelala mapajani. Tobia amekaa karibu na sufuria kama kawaida yake. Eliza mwishoni, kwenye kivuli, kitambaa amekivuta mpaka kwenye nyusi.

Niliwanawisha mikono. Nikapakua. Baba Eliza akaomba tukaitikia amina. Wakaanza kula, nami nikabaki nimesimama na mwiko, nikiwatazama midomo, mmoja mmoja.

"Eliza, kula."

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba nini? Tangu asubuhi ulikuwa na mimi shambani. Umekunywa uji tu."

Alikuwa amegeuza shingo kuelekea chumbani kwake, mdomo umefunguka kidogo.

Juu yetu bati lililia mara moja, kama kitu kizito kimetua. Tobia akasema ni tawi la mti. Hakuna aliyebisha.

Nikavuta kigoda nikakaa kati ya Eliza na mlango wa kile chumba. Nikaweka sahani yake mbele yake. Nikawahesabu. Tulikuwa wote.